Waya umeondoka, hatari imebaki

Fundi wa siku hizi haulizi tena soketi iko wapi. Huingia mlangoni na begi lake, akafungua zipu, akatoa mashine yenye umbo la bastola, akabonyeza, na ukuta ukaanza kulia. Kazi ambayo zamani ilihitaji waya wa kuazima kwa jirani, kigoda cha kufikia soketi na mtoto mmoja wa kushika plagi isichomoke, sasa humalizika kabla chai haijapoa. Nani asiyefurahia? Hata hivyo, katika furaha hiyo lipo jambo ambalo wengi wetu tumelisahau, nalo ni kwamba ule waya tuliouchukia, pamoja na usumbufu wake wote, ulikuwa pia mlinzi.

Ulikuwa mlinzi kwa sababu ulionekana. Mama aliyefagia ukumbini aliuona umelala sakafuni, akajua kwamba mashine ina uhai. Fundi aliyetaka kubadilisha biti alichomoa plagi, na plagi ile iliyolala juu ya meza ilikuwa ushahidi wa kutosha kwa kila mtu, hata kwa asiyejua kusoma, kwamba chombo kile kwa wakati ule ni chuma tu. Mashine ya betri haina ushahidi huo. Ikiwa juu ya kabati, ikiwa ndani ya begi, ikiwa mikononi mwa mtoto wa miaka minne, uhai wake umo tumboni mwake, nao hausemi.

Nimekulia karibu na useremala. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kibanda chake pale Morogoro, na vyombo vyake nilivijua kwa majina kabla sijaanza shule: randa, patasi, tupa, jiriwa, msumeno na keekee. Keekee yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Ilichosha, lakini ilikuwa na uzuri mmoja: mkono ukiacha, nayo inaacha. Haikuwahi kumtoboa mtu kwa sababu tu ameiokota.

Hiyo bastola tunayoiona leo mikononi mwa mafundi ilizaliwa Marekani. Mwaka 1917 S. Duncan Black na Alonzo Decker, wa mji wa Baltimore, walipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya umeme ya kutoboa yenye mpini na kifyatulio mfano wa bastola. Kampuni yao, Black & Decker, ikatoa mashine ya kutoboa ya betri mwaka 1961; na miaka kumi baadaye, mwaka 1971, wanaanga wa Apollo 15 walitoboa ardhi ya Mwezi kwa mashine ya betri. Hata huko mambo hayakuwa mepesi. Bomba la kutobolea liling'ang'ania ardhini, na Dave Scott na James Irwin wakalazimika kusaidiana kuling'oa. Nalitaja jambo hilo kwa sababu nitalirudia hapo mbele. Biti haikwami Mwezini tu.

Betri za miaka hiyo zilikuwa nzito, na nguvu zake hazikudumu. Mambo yaligeuka ilipokuja betri ya lithiamu, ambayo iliingia sokoni mwaka 1991, na katika miaka ya 2000 ikaanza kutiwa katika vyombo vya mafundi. Wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Leo mashine hizo zimejaa Kariakoo, kila duka la vifaa linazo, na kijana anayeanza kazi huzinunua kabla hajanunua randa.

JIRANI YANGU

Kijana mmoja, jirani yangu, hutengeneza mageti na madirisha ya chuma. Ni mchapakazi, saa kumi na mbili za asubuhi umemkuta uani kwake. Mwaka juzi, jioni moja, diski ya grainda yake ya betri ilikuwa imekwisha. Akakaa kwenye kigoda, akailaza mashine juu ya paja, akatoa diski kuukuu, akafunga mpya, akakaza nati. Betri ilikuwa mahali pake wakati wote huo. Swichi ya grainda ile ni ya kusukuma mbele, nayo ikishasukumwa hukaa huko huko. Alipoishika mashine ili ainuke, kiganja kikaisukuma swichi. Kinga ya diski alikuwa ameivua siku nyingi, kwa kuwa, alivyosema, ilimzuia kuingia kwenye kona. Diski ikapita juu ya vidole viwili vya mkono wa kushoto, ikakata nyama na kano.

Madaktari waliziunga kano zake. Kidole hakikupotea, na hilo ni la kushukuru. Lakini mkono ulikaa ndani ya bandeji wiki baada ya wiki, na hata leo kidole cha shahada hakikunji hadi mwisho. Mkewe, ambaye hapo awali alipika vitumbua vya asubuhi tu, akaongeza maandazi ya jioni. Mteja aliyetoa malipo ya mwanzo ya geti akaja kudai fedha zake, na fedha zile zilikwisha kununua chuma. Kodi ya chumba ikalimbikizwa.

Mfanyakazi aliyeajiriwa kiwandani ana pa kushika. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, upo Wakala wa OSHA unaoisimamia, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Fundi wa mtaani, ambaye mwajiri wake ni yeye mwenyewe, akiumia hujifidia mwenyewe. Yaani hula akiba, na akiba ikiisha hula kwa jamaa. Ndiyo maana nasema habari ya vidole si habari ya fundi peke yake. Ni habari ya chungu cha nyumba nzima.

Siku chache baadaye nilikwenda Keko, kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza samani tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua kitanda au kununua maneno?"

"Maneno, mzee."

"Hayo hayana bei. Kaa."

Akanionyesha rafu ndogo ya mbao iliyopigiliwa ukutani, karibu na mlango, nayo ina betri sita zimepangwa kama mikate. Mashine zenyewe zilikuwa upande wa pili wa karakana, zimetundikwa, zote matumbo wazi.

"Hapa kwangu betri na mashine hazilali pamoja," akasema. "Kijana akitaka kubadilisha biti, au diski, au kisu cha msumeno, kwanza niione betri juu ya meza. Si mfukoni mwake. Juu ya meza, niione."

"Na akisahau?"

"Huyo siku hiyo nzima atapiga msasa kwa mkono."

Nilicheka, lakini niliporudi ofisini niliyatafakari maneno yale, nikaona kwamba mzee amerudisha kile kilichopotea. Betri juu ya meza ni ile plagi iliyochomolewa. Kila mtu aliye karakanani anaiona, na hakuna haja ya kuuliza.

Zipo mashine za kutoboa ambazo kitufe chake cha kupeleka mbele na kurudisha nyuma, kikiwekwa katikati, huzuia kifyatulio kisibonyezeke. Ni jambo jema kukifanya hivyo unapopanda ngazi, au unapompa mwenzako mashine mkononi. Lakini kitufe hicho husogea kwa kuguswa tu, na mzee wangu hakitegemei kwa kazi ya kubadilisha biti. Mimi naona ana haki.

GRAINDA

Kama ingekuwa amri yangu, grainda isingeuzwa bila mnunuzi kuketishwa kitako robo saa na kuelezwa. Diski ndogo ya milimita 115, inapozunguka mara 8,500 kwa dakika kama zifanyavyo grainda nyingi za betri, ukingo wake hukimbia kwa mwendo unaozidi kilomita 180 kwa saa. Basi la abiria barabarani linaruhusiwa 80. Kipande kikimeguka, hicho ndicho kinachokuja usoni.

Sasa angalia tunavyofanya mitaani. Diski kubwa ya milimita 230 ikilika na kubaki nusu, fundi huona hasara kuitupa. Tundu lake la katikati ni sawasawa na la diski ndogo, basi huvua kinga na kuifunga kwenye grainda ndogo. Diski ile kubwa imeandikwa kwamba isizidi mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo huizungusha kupita kiasi hicho. Tena wengine hufunga kisu cha msumeno wa mbao, chenye meno, na kukatia mbao. Meno yakiuma fundo la mti, mashine hurudi nyuma kwa mrushio ambao hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuzuia, na kwa kuwa kinga haipo, hurudi kwenye paja, tumbo au shingo. Kwa kazi ya mbao upo msumeno wake. Tusidanganyane hapo.

Ndugu msomaji, ukiwa na grainda nyumbani, itazame ile pete ndogo ya chuma iliyo katikati ya diski ya kukatia. Aghalabu pametiwa herufi V pamoja na namba za mwezi na mwaka. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kuitumia, kwa kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwani gundi inayoshikanisha chembe zake huchakaa, hasa mahali penye unyevu kama huku kwetu pwani. Nilipoitazama ya kwetu nyumbani nilikuta muda wake una miezi minne. Fundi wa geti, nilipomwonyesha, alisema hakuwahi kujua kwamba diski nayo hufa.

Swichi ikiachwa, diski haisimami hapo hapo. Baadhi ya mashine zina breki. Nyingi za bei ndogo hazina, na diski huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa huku fundi amekwisha kugeuka kuzungumza na mteja. Isilazwe chini kabla haijatulia.

Kuhusu macho sitasema mengi kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayefanya. Miwani ya jua ya mtumba si miwani ya kazi. Miwani ya kazi ina kioo kigumu cha plastiki na mbavu za pembeni, na ukilinganisha na nauli ya kwenda kliniki ya macho, bei yake ni ndogo. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usilisugue wala usimpe rafiki aitoe kwa ncha ya kitambaa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani chuma hushika kutu humo humo. Na anayekata zege au vigae avae barakoa ya vumbi, maana vumbi lile la mawe hukaa mapafuni lisitoke.

Mashine ya kutoboa inaonekana mpole kuliko grainda, nayo ni mpole, isipokuwa biti ikwame. Hapo ndipo nawakumbuka wale wa Apollo. Biti ikiuma nondo ndani ya zege, na injini haijaacha kusukuma, kinachozunguka ni mashine yenyewe pamoja na kifundo cha mkono wako. Mtu aliye juu ya ngazi huangushwa. Mpini wa ubavuni unaokuja ndani ya sanduku, ambao wengi huuacha humo humo, umewekwa kwa ajili ya siku hiyo. Nguo nazo ni hatari: mkono mpana wa kanzu, ncha ya kanga iliyofungwa begani, kamba ya kitambulisho cha kazini, nywele za rasta. Hata glavu za kitambaa, ambazo mtu angedhani ni kinga, hazifai mbele ya biti inayozunguka, kwa sababu uzi mmoja ukishikwa, mkono wote huvutwa.

Hapa inafaa niisifu mashine ya betri, nisije nikaonekana mwenye kinyongo nayo. Imetuondolea waya uliochubuka ukipita kwenye dimbwi la maji, nasi tunajua waya huo umeua wangapi. Tena ina faida ambayo watu wachache huitumia. Hatari kubwa ya kutoboa ukuta ni kukutana na waya wa umeme uliozikwa ndani yake, ambao kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi. Kwa mashine ya plagi hukuweza kuzima umeme wa nyumba na bado ukatoboa. Kwa mashine ya betri unaweza. Zima swichi kubwa, toboa matundu yako mchana kweupe, kisha washa. Nimelifanya jambo hilo nilipopigilia rafu ya vitabu, na watoto walilalamika dakika kumi tu kwa kukosa televisheni.

Tuje kwenye betri yenyewe, kwa kuwa nayo ina mambo yake. Ndani ya ganda la plastiki mna vibetri vidogo vya mviringo, kila kimoja kina volti 3.6. Vitano vikifuatana hufanya volti 18. Ukiona sanduku limeandikwa 88VF au 128VF, na ndani mna vibetri vitano vile vile, ujue maandishi hayo ni mapambo ya biashara. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina nguvu ya kuwasha taa ya wati 9 kwa saa kumi. Nguvu hiyo ikitoka yote kwa mara moja, haitoki kama mwanga. Hutoka kama moto.

Kwa hiyo betri isitupwe ndani ya begi pamoja na misumari na funguo, kwa kuwa chuma kikiunganisha vichwa vyake, huwaka. Isichajiwe juu ya godoro wala kochi. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia, na watu wakiwa macho. Najua desturi yetu ni kuchaji usiku ili asubuhi tuikute tayari, lakini usiku ndio wakati ambao hakuna wa kunusa moshi. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, wala isichajiwe ikiwa bado ya moto kutokana na kazi. Vijitabu vingi vinavyokuja nazo huweka mpaka wa kiasi cha nyuzi joto 40, na mwezi Februari hapa Dar es Salaam gari lililofungwa hupita hapo bila taabu. Iliyovimba, iliyoanguka ikapasuka au iliyoingia maji ya mvua haifai kuchajiwa tena. Na ziko zile zinazofumuliwa na kuunganishwa upya vichochoroni kwa vibetri vya kompyuta kuukuu, bila kile kibao kidogo cha ndani kinachozuia isijae kupita kiasi. Hizo ni rahisi kwa bei. Mimi singeingiza moja katika chumba wanapolala watoto.

Ikianza kutoa sauti ya kuchemka au moshi, usiisogelee kuikagua. Zima umeme kwenye swichi kubwa, toa watu nje, na piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kama bado ni ndogo, na njia ya kutokea iko wazi nyuma yako, maji mengi huipoza. Ila moshi wake ni sumu, na nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mlango mmoja si mahali pa kuonyesha ushujaa.

Jambo jingine ni kuazimana. Sisi ni watu wa kuazimana, kuanzia kinu hadi ngazi, na sipendekezi tuache. Lakini keekee ya mjomba uliweza kumpa mtoto akupelekee kwa jirani. Mashine ya betri nyumbani kwetu sasa hutoka kwa safari mbili: mtoto hubeba mashine, mimi au baba yake hubeba betri, na tukifika tunamwonyesha anayeazima jinsi ya kuichomoa. Mwanzoni majirani walicheka. Yule kijana wa mageti hakucheka. Yeye amepigilia msumari juu ya mlango wa uani kwake, na mfuko mdogo wa turubai unaning'inia pale, wa kutilia betri.

Limebaki swali la betri iliyokufa, ambalo nimeulizwa na mafundi zaidi ya watano. Usiitupe kwenye jalala wala kuichoma pamoja na takataka, kwa kuwa betri tunayosema imekufa bado huwa na umeme kidogo, na gari la taka likiiponda huweza kuwaka. Funga vichwa vyake kwa utepe wa umeme, uiweke ndani ya kopo la bati nje ya nyumba, mahali pakavu, kisha uliza duka uliponunua, au wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopokea vifaa vya umeme, kama wanazichukua. Ya kwetu ilikaa kwenye kopo la maziwa kwa miezi mitatu kabla hatujampata wa kuipokea, na wala hakutoa hata senti.